Surua haiishi siku vipele vinapokauka: historia ambayo imepita Kasongo

Tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 2019, Wizara ya Afya ya Kongo ilitangaza rasmi kwamba kuna janga la surua, ule ugonjwa ambao kwenye vituo vya afya wengi wanauita rougeole. Siku hizo, macho ya dunia yalikuwa upande wa Beni, Butembo na Mambasa kwa sababu ya Ebola. Magari ya mashirika yalikuwa yanapita kila saa, wageni walikuwa wanashuka kwenye ndege kila wiki, na kwenye kila mlango kulikuwa ndoo ya maji ya klorini.

Surua haikuwa na wageni wengi hivyo. Lakini katika mwaka huo mmoja wa 2019, watu karibu 310.000 walishukiwa kuwa nayo, na ilifika katika majimbo yote 26 ya inchi. Ebola ya mashariki, tangu ilipoanza mwezi wa nane 2018 mpaka ilipotangazwa kwisha mwezi wa sita 2020, iliua watu 2.287. Surua, mpaka serikali ilipotangaza mwezi wa nane 2020 kwamba janga limekwisha, ilikuwa imeua watoto zaidi ya 7.000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Ilikuwa imedumu miezi 25.

Surua si ugonjwa mgeni. Bibi zetu waliijua, na mama zao waliijua. Chanjo yake iko tangu zaidi ya miaka 50. Basi kwa nini bado inazika watoto wengi hivyo? Sehemu ya jibu ni chanjo zisizofika, barabara mbaya, vita na umaskini. Hayo redio zinayasema kila siku. Lakini kuna sehemu nyingine ambayo haisemwi sana: wazazi wengi wanahesabu surua kama ugonjwa wa siku saba au nane. Vipele vinatoka, vinakauka, ngozi inabanduka, basi watu wanashukuru Mungu kwamba mtoto amepona. Historia ya ugonjwa huu inaonyesha kwamba hesabu hiyo si sahihi. Na sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa hapa kwetu, katika jimbo la Maniema.

Kabla ya chanjo: waganga walitazama na kuhesabu

Zaidi ya miaka 1.000 iliyopita, muganga mmoja Mwajemi aliyeitwa al-Razi, ambaye alifanya kazi katika miji ya Rey na Baghdad, aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua. Kabla yake watu wengi walichanganya magonjwa hayo mawili, kwa kuwa yote yanaanza na homa na kuleta vipele.

Lakini namna surua inavyotembea kutoka mtu hadi mtu ilieleweka vizuri mwaka 1846 tu, mbali sana na Afrika, katika visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya. Visiwa hivyo havikuwa vimeona surua tangu mwaka 1781. Fundi seremala mmoja alifika kwa meli kutoka Copenhagen, akaugua. Katika miezi michache, kati ya wakaaji 7.782, zaidi ya 6.000 waliugua. Serikali ya Denmark ilimtuma muganga kijana wa miaka 25, Peter Panum. Alienda kijiji kwa kijiji na kuandika nani alimkaribia nani, na siku gani vipele vilitoka.

Panum aliona mambo matatu ambayo bado yanasaidia leo. La kwanza: kutoka siku mtu anapoambukizwa mpaka siku vipele vinapotoka, zinapita siku karibu 14. La pili: mgonjwa anaambukiza wengine hata kabla watu hawajajua anaugua nini. Leo waganga wanasema ni siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada yake. La tatu: wazee waliougua surua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, hawakuipata tena, hata mmoja. Mwili uliokwisha kuijua surua unaikumbuka maisha yote.

Hilo la tatu ndilo lililowapa wataalamu tumaini la chanjo. Mwaka 1954, mjini Boston, Marekani, John Enders na Thomas Peebles walipata virusi vya surua kutoka damu ya mwanafunzi mmoja, David Edmonston. Chanjo iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Kutoka mwaka 1966, inchi 20 za Afrika ya magharibi na ya kati zilianza kampeni kubwa ya kupiga ndui na surua kwa pamoja. Gambia ilifaulu kuisimamisha surua kabisa kwa muda, lakini kampeni ilipolegea, ugonjwa ulirudi. Hapo ndipo ilionekana kwamba chanjo ya surua si kazi ya mara moja. Kila mwaka watoto wapya wanazaliwa, na kila mmoja wao anazaliwa bila kuchanjwa.

Swali lililotoka Kasongo

Wasomaji wengi wanaijua Kasongo kwa historia ya zamani: mji wa Waungwana, wakati wa misafara ya pembe, na njia mojawapo ambayo Kiswahili kilipita kuingia ndani ya Kongo. Wachache wanajua kwamba katika miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa pia mahali ambapo waganga wa Zaïre na wa Chuo cha Magonjwa ya Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu namna mpya ya kupanga huduma za afya. Walitaka vituo vya afya vidogo vilivyo karibu na watu, hospitali moja ya kuvisaidia, na wakaaji wenyewe wakishiriki katika maamuzi. Kazi kama hiyo ya Kasongo na ya sehemu nyingine za inchi ndiyo ilitayarisha mpango wa maeneo ya afya, yale yanayoitwa zones de santé. Zaïre iligawanywa katika maeneo 306 katika miaka ya 1980. Leo yako 519.

Katika Kasongo, surua ilikuwa muuaji mkubwa wa watoto wadogo. Timu ile ilianza kuchanja, kisha ikafanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya: ilifuata watoto wa miezi 7 mpaka 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, ikahesabu nani yuko hai na nani amekufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika gazeti la waganga la London, The Lancet.

Hesabu ilionyesha kwamba waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wengine katika umri ule ambao surua inaua sana. Hilo watu walilitegemea. Lakini timu iliona pia kwamba, watoto walipoendelea kukua, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa inapungua. Hapo waliuliza swali gumu: je, mtoto dhaifu tunayemwokoa kwa surua, anakufa kisha kwa kuhara, kwa nimonia au kwa njaa? Kama ni hivyo, sindano peke yake haitoshi. Lazima kituo cha afya kimfuate mtoto mzima, pamoja na chakula chake na nyumba yake.

Swali hilo lilileta mabishano duniani kote. Kuna waliolitumia kusema chanjo ya surua haina faida kubwa katika inchi maskini. Watafiti wengine, na hasa Peter Aaby wa Denmark aliyekuwa anafanya kazi Guinea-Bissau, walijibu kwa hesabu zao: katika sehemu nyingi, watoto waliochanjwa waliendelea kuishi vizuri kuliko wasiochanjwa, hata baada ya miaka. Leo hakuna mganga wa watoto anayeshuku faida ya chanjo. Lakini nusu ya pili ya wazo la Kasongo, kwamba mtoto afuatwe hata baada ya hatari ya kwanza, imebaki na nguvu. Miaka mingi baadaye sayansi ililirudia kwa njia ambayo timu ile haikuwa imeifikiri.

Mtoto wa pili nyumbani

Huyo Aaby aliona jambo lingine, katika mtaa wa Bandim, mjini Bissau, wakati wa janga la surua la mwaka 1979. Watu walikuwa wanasema kwamba surua inaua Afrika kwa sababu watoto wana utapiamlo. Yeye alipohesabu nyumba kwa nyumba, aliona msongamano wa watu una uzito mkubwa. Mtoto aliyeleta surua nyumbani, labda kutoka sokoni au masomoni, mara nyingi alipona. Ndugu zake waliolala naye chumba kimoja, wakaipata kwake, ndio walikufa zaidi. Maelezo yake ni kwamba anayeambukizwa usiku na mchana, kwa karibu, anapokea virusi vingi kwa mara moja.

Kwa familia zetu, ambapo watoto wanne wanalala kwenye mkeka mmoja, hilo ni habari kubwa. Mama anapoona homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, na siku chache baadaye vipele vinaanza nyuma ya masikio na usoni kisha vinashuka mwilini, asimtazame huyo mmoja tu. Mdogo wake anayelala naye yuko katika hatari kubwa zaidi. Mgonjwa alale kando, dirisha liwe wazi. Na ndugu ambao hawajachanjwa wapelekwe kwenye kituo cha afya upesi, kwa kuwa chanjo inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kumkaribia mgonjwa inaweza bado kuwakinga. Waganga wataangalia umri na karte ya kila mtoto.

Dawa iliyosahauliwa miaka 50

Hakuna dawa inayoua virusi vya surua. Lakini iko dawa inayosaidia mtoto asife na asipofuke, nayo ni vitamini A. Historia yake inasikitisha.

Mwaka 1932, katika hospitali moja ya London, muganga aliyeitwa Ellison aligawanya watoto 600 wenye surua katika makundi mawili ya 300. Kundi moja lilipewa vitamini A. Katika kundi lisilopewa, watoto 26 walikufa. Katika lililopewa, walikufa 11. Matokeo yalichapishwa, kisha yakasahauliwa zaidi ya miaka 50.

Yalifufuliwa Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma. Waganga walichukua watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 88 waliopewa vitamini A siku ya kufika na siku iliyofuata, 6 walikufa. Kati ya 92 wasiopewa, walikufa 12. Kwa wale wa chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: mmoja kati ya 46, dhidi ya 7 kati ya 42. Hiyo ilichapishwa mwaka 1987, na mwaka huohuo OMS na UNICEF walishauri vitamini A itolewe kwa wagonjwa wa surua mahali ambapo inakosekana katika chakula. Mwaka 1990, utafiti mwingine kutoka Cape Town, kwa watoto 189, ulithibitisha: kati ya 12 waliokufa, 10 hawakupewa vitamini A.

Ndiyo sababu leo, kila mtoto mwenye surua anapaswa kupewa dozi mbili, moja leo na moja kesho. Wa chini ya miezi 6 anapewa kipimo cha 50.000, wa miezi 6 mpaka 11 anapewa 100.000, na wa mwaka mmoja na zaidi anapewa 200.000. Mwenye shida ya macho au utapiamlo anaongezewa dozi ya tatu baada ya wiki mbili mpaka sita. Mzazi anaporudi nyumbani na dozi moja tu, aulize ya pili. Na asinunue mwenyewe kwenye duka ili aongeze, kwa kuwa vitamini A ikizidi inakuwa sumu.

Mawese yetu mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, na ni chakula kizuri kwa mtoto kabla na baada ya ugonjwa, pamoja na sombe, lengalenga, papai na ndagala. Lakini yasichukue nafasi ya dozi za kituo cha afya. Na mawese yaliyochomwa kwenye sufuria mpaka yakawa meupe yamepoteza kile kilichokuwa na faida.

Macho pia yana historia yake. Katika miaka ya 1980, waganga wa Tanzania waliochunguza watoto wenye vidonda machoni waliona surua katika sehemu kubwa ya visa hivyo, na katika vingine waliona dawa za kienyeji zilizotiwa ndani ya jicho. Maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo: yote yamewahi kutiwa. Jicho la mtoto mwenye surua tayari ni dhaifu, na kidonda kidogo kinaweza kulitoboa. Macho yasafishwe kwa kitambaa safi na maji safi tu, na pomada ya tetracycline itoke kwa muuguzi.

Mwili unaosahau

Turudi kwa swali la Kasongo. Kwa nini mtoto aliyepona surua anakufa miezi michache baadaye kwa kuhara au nimonia? Kwa muda mrefu watu walijibu: kwa sababu surua inamkondesha. Ni kweli, lakini si yote.

Mwaka 2015, watafiti waliopitia takwimu za vifo vya Uingereza, Marekani na Denmark waliona kwamba baada ya surua, hatari ya kufa kwa magonjwa mengine inadumu miaka miwili mpaka mitatu. Mwaka 2019, mwaka uleule wa janga letu, utafiti juu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa ulionyesha sababu. Baada ya surua, damu yao ilikuwa imepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga walizokuwa nazo juu ya magonjwa mengine. Surua inafuta kumbukumbu ya mwili. Mtoto anakuwa tena kama mchanga ambaye hajawahi kupigana na kitu chochote, lakini sasa hayuko tena chini ya kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama.

Hata watoto wa Uholanzi, wanaokula vizuri na kunywa maji safi, walipoteza. Mtoto wa kijiji cha Maniema au cha Malemba-Nkulu anapoteza vilevile, kisha anarudi kwenye maji ya mto na mbu wa malaria. Timu ya Kasongo ilikuwa inajiuliza juu ya mtoto aliyekingwa. Leo inaonekana kwamba anayehitaji kufuatwa zaidi ni yule ambaye hakukingwa, akaugua, na jirani wakasema amepona.

Hesabu mpya kwa mzazi

Basi hesabu ya surua iwe hivi. Siku za kwanza, mtoto mwenye homa na vipele apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, na mzazi aseme akiwa bado mlangoni kwamba anashuku surua, ili asikae kwenye benchi pamoja na watoto wengine. Hewa ya chumba alimokaa mgonjwa inaweza kuambukiza hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Kuna wanaosema mtoto wa surua asipigwe sindano, asioge, asile nyama wala mafuta. Imani hizo zimechelewesha wengi. Mtoto aoge, anyonye kila anapotaka, anywe maji safi na ujali mwepesi, ale kidogo kidogo mara nyingi. Homa itulizwe kwa paracetamol ya kipimo chake. Antibiotiki zitolewe na muganga pale anapoona nimonia, sikio linalotoa usaha au maambukizo mengine.

Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilala bila kuamka vizuri, akipumua haraka au kwa sauti ya kukwaruza, akiwa na wingu jeupe kwenye jicho au vidonda vingi mdomoni, huyo ni wa hospitali, hata kama ni usiku.

Kisha, vipele vikikauka, kazi inaendelea. Katika mwezi wa kwanza, mtoto aongezewe mlo mmoja kwa siku na apimwe uzito. Katika miezi inayofuata, kila kuhara na kila kikohozi chake kichukuliwe kwa uzito kuliko cha mtoto mwingine. Alale ndani ya chandarua. Chanjo zake zote zilizobaki zikamilishwe.

Na kwa wale ambao hawajaugua, karte itazamwe leo. Chanjo ya kwanza ya surua ni kwa miezi 9. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa kwa umri huo, karibu 85 wanapata kinga. Wale 15 wanaobaki, hakuna anayeweza kuwajua kwa macho, na ndiyo maana dozi ya pili ipo, na ndiyo maana reko wanapiga hodi tena wakati wa kampeni hata kwa mtoto aliyekwisha kuchanjwa. Mama anayewafungulia mlango hapotezi wakati wake.